Fisker Ocean: gari tamu, ila kampuni yake imekufa

Ndugu zangu, tangu bei ya Fisker Ocean iporomoke huku Uingereza hili swali naulizwa sana, hasa na watu wa Dar wanaoona matangazo: SUV ya umeme, mpyampya, usukani kulia, kilomita kidogo, bei ya kutupa, "vipi kaka, niivute?" Jibu natoa hapahapa juu halafu ndo nieleze. Gari yenyewe ni nzuri, nasema kweli, lakini kuinunua ukaipeleka nyumbani usithubutu.

Nianze na uzuri wake maana watu wameiponda mpaka wanaionea. Mfanyakazi mwenzangu anayo, ile ya juu kabisa inaitwa Extreme, nimeiendesha mjini na barabara kuu. Imetulia barabarani, nzito, haiyumbi, ukikanyaga inaondoka kimya kimya mgongo unaganda kwenye kiti. Ina mota mbili, mbele na nyuma, betri ya zaidi ya kWh 100, na kwa vipimo vya Ulaya Extreme inapewa kilomita 707 kwa chaji moja, Marekani kwa vipimo vyao ni maili 360. Kwa SUV ya saizi ile hiyo ni namba ya kuheshimu. Skrini ya katikati ni inchi 17.1 na inazunguka, ukitaka unailaza ukitaka unaisimamisha. Juu paa lina sola. Halafu kuna kitufe wanakiita California Mode, unabonyeza mara moja vioo vyote vinashuka, mpaka kile cha nyuma kabisa kwenye buti, paa nalo linafunguka, yaani umekaa ndani ya SUV lakini upepo kama uko kwenye gari ya wazi. Sijaona gari nyingine ya kifamilia inafanya hivyo.

Umbo lake pia halikuja kwa bahati. Henrik Fisker ni Mdenmark, kalamu yake ndo iko kwenye BMW Z8 na Aston Martin DB9. Na aliyeijenga Ocean ni Magna Steyr, Graz, Austria, walewale wanaojenga Mercedes G-Class, kwa hiyo bodi, rangi, milango inavyofunga, hapo huna cha kulalamika.

Shida iko kwa kampuni, na hii historia lazima uijue kabla hujatoa hela. Huyu bwana hii ni mara ya pili. Kampuni ya kwanza, Fisker Automotive, aliianzisha 2007 ikatoa gari inaitwa Karma, nzuri balaa kwa macho. Oktoba 2012 kampuni iliyokuwa inawapa betri, A123, ikafilisika, na mwezi huohuo kimbunga Sandy kikazamisha Karma zaidi ya 300 zikiwa bandarini Newark. 2013 wakafilisika na wao, serikali ya Marekani iliyowakopesha ikapoteza dola milioni 139, Wachina wa Wanxiang wakaja kununua mabaki.

2016 akarudi na kampuni mpya, Fisker Inc., yeye na mke wake Geeta Gupta-Fisker ambaye ndo alishika fedha. 2020 wakaingia soko la hisa New York kwa kuungana na kampuni iliyokuwa tayari sokoni, wakapata karibu dola bilioni moja, na mwanzoni mwa 2021 hisa ikapanda hadi kupita dola 28. Wazo lao lilikuwa hili: kwanini ujenge kiwanda cha mabilioni wakati Magna wanacho, sisi tuchore, wao wajenge. Binafsi naona hilo wazo halikuwa baya hata kidogo, na lile bodi nimeshalisifia. Ila Magna anakukabidhi gari, basi. Softiwea, spea, gereji za huduma, watu wa kupokea simu mteja akikwama, hayo yote ni yako wewe Fisker, na hapo ndo palikuwa patupu.

Uzalishaji ulianza Novemba 2022. Mwaka 2023 mpango wa awali ulikuwa gari 42,400, zikatoka 10,193, na kati ya hizo zilizowafikia wateja hazikufika nusu. Zilizobaki zimejaa yadi, hela imelala pale. Walikuwa wanataka kuuza wenyewe moja kwa moja bila wakala, ikawashinda, Januari 2024 ndo wanaanza kutafuta mawakala, wakati tayari mamlaka ya usalama barabarani Marekani inachunguza malalamiko ya breki. Wateja walishapewa gari ambayo softiwea haijaiva, wakiambiwa mambo mengine yatakuja kwa apdeti.

Februari 2024 Marques Brownlee, yule wa YouTube, akatoa video akasema ndo gari mbovu kuliko zote alizowahi kuzifanyia rivyuu. Wapo wanaosema yeye ndo kaiua kampuni. Mimi sikubali. Mwezi huohuo kampuni yenyewe ilitangaza kwa wawekezaji kwamba haina uhakika kama itaendelea kuwepo, na hilo linatokana na hela iliyoisha na madeni, halitokani na video. Kilichoniuma mimi ni Machi: wakashusha Extreme kutoka dola 61,499 hadi 37,499 kwa siku moja. Fikiria yule aliyewaamini mapema, akalipa bei kamili, dola 24,000 za thamani zimeyeyuka usiku kucha na bado gari inamsumbua. Mazungumzo na mtengenezaji mkubwa wa magari yakavunjika, soko la hisa likawatoa, kiwanda cha Graz kikawa kimesimamisha kujenga na hakikuwashwa tena, na Juni 2024 wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Gari zilizobaki, zaidi ya 3,200, zikauzwa kwa American Lease, kampuni ya New York inayokodisha magari kwa madereva wa teksi za apu, kwa dola zisizozidi milioni 46.25. Piga hesabu, ni kama dola 14,000 kwa moja. Sasa sikiliza hapa maana ndo penyewe: baada ya kukubaliana kununua, likaibuka suala kwamba taarifa za gari zilizoko kwenye seva (kompyuta kuu) za Fisker haziwezi kuhamishwa kirahisi kwenda kwenye seva za mnunuzi. Kampuni nzima yenye mawakili wake ilikwama kwa seva, wewe na fundi wako wa Tandale mtafanyaje?

Ndo maana nasema usilete nyumbani. Toyota ikigongwa unaenda Ilala au Gerezani unapata taa, bampa, hata mlango, jioni umerudi. Ocean ikivunjika kioo tu, unakiagiza kwa nani? Fundi atachomeka mashine yake asome kosa, halafu? Moduli mpya haiwezi kuingia kienyeji, inataka programu ya kiwandani. Hapo sijasema habari ya kodi na ushuru utakaokuwa umeshalipa.

Wanaonipa moyo ni wenye gari wenyewe. Waliunda chama chao, Fisker Owners Association, wanatafuta spea, wanabadilishana ujuzi, wapo wanaofukua softiwea mpaka waielewe. Na hata kwenye gari zilizoitwa kurekebishwa, kampuni ilipotaka wenye gari walipe gharama ya ufundi, serikali ya Marekani ikapinga kwa sababu sheria inakataza, wakarudi nyuma. Nawaheshimu sana hawa watu, wamefanya kazi ambayo ilikuwa ya mwenye kampuni.

Kwa hiyo kama unaishi Ulaya au Marekani, una gari nyingine ya kukupeleka kazini na hii unaitaka kwa mapenzi, bei ikiwa chini sana naweza kukuelewa. Ila kabla hujalipa, ulizia bima kwanza maana si kila kampuni itakukubalia, hakikisha funguo ziko mbili na zote zinafanya kazi, softiwea iko toleo la 2 kwenda juu, na pampu ya maji na vitasa vya milango vimesharekebishwa kwa karatasi, sio kwa mdomo wa muuzaji. Wa Dar, hela yako weka kwenye gari ambayo spea zake utazipata.