Gundi ya Vipande vya Shaba: Ipi Ununue kwa Modeli Yako Ukiwa Mtwara

Uzio wa sitaha wenye kimo cha mita 1 kwenye meli halisi, ukishushwa hadi modeli ya plastiki ya kipimo cha 1:350, yaani ndogo mara 350 kuliko meli yenyewe, haufiki hata milimita 3. Kwa kipimo cha 1:700 ni milimita 1.4 tu. Plastiki haimiminiki kwenye kalibu ikatoka nyembamba kiasi hicho na bado ikasimama. Ndiyo maana kampuni kama Eduard ya Cheki, iliyoanzishwa 1989, huuza vipande hivyo vikiwa vya shaba ya njano. Bamba lenye unene wa milimita 0.1 hadi 0.2 hupakwa utando unaobadilika kwa mwanga, michoro ya vipande huchapwa juu yake, kisha dawa hula shaba yote iliyoachwa wazi. Unacholetewa ni fremu bapa yenye ngazi, nyavu, vishikio na dashibodi za rubani, kila kimoja kimeshikwa na kijikono chembamba.

Kukata na kukunja utajifunza kwa mikono yako mwenyewe. Kinachowakatisha watu tamaa ni kubandika, na mara nyingi tatizo lilianzia dukani. Fremu ya shaba unaweza kuiagiza nje ukaipokea posta miezi miwili baadaye ikiwa salama kabisa. Gundi ni habari nyingine. Gundi inazeeka, na kwa joto na unyevu wa pwani yetu inazeeka haraka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza jina la kampuni, uliza gundi imeingia lini.

"Kaka, hii gundi imekaa hapa muda gani?"

"Hiyo? Mzigo wa mwezi uliopita, mteja wangu. Ya kule juu ndiyo ya zamani."

Swali dogo hilo lina faida kuliko maandishi yote ya kwenye boksi. Ukipewa chupa ya plastiki, ilaze na uangalie: supa gluu nyepesi iliyo hai inakwenda kama maji. Ikijivuta, irudishe. Ikiwa ni kijitubu cha bati, kibonyeze taratibu. Kikiwa kigumu upande mmoja, gundi imeshaanza kuganda ndani. Usinunue kilichopangwa dirishani kinakopigwa na jua la mchana, hata ukipunguziwa bei.

Sasa niseme nilivyozipanga, kuanzia ya kwanza.

Namba 1: supa gluu nzito au ya jeli

Hii ndiyo ya kununua ikiwa utanunua moja tu. Supa gluu haigandi kwa kukauka. Inaganda inapokutana na unyevu mdogo ulioko juu ya vitu na hewani. Harry Coover wa Eastman Kodak aliikuta 1942 akiwa kwenye utafiti wa plastiki angavu, ikawekwa kando kwa sababu ilinata kila kitu, na ikaja kuuzwa 1958. Hulka hiyo ya kupenda unyevu ndiyo inayotuhusu sisi wa Mtwara na Lindi. Kuanzia Desemba mpaka Aprili, kaskazi inapovuma na mvua zikiwa zimeshika, gundi nyepesi inakukamata kabla hujanyoosha kipande. Jeli inakupa sekunde kadhaa zaidi za kusogeza, haitiririki kwenye mistari ya plastiki, na inajaza pengo dogo lililobaki baada ya kukunja.

Kuna faida nyingine ambayo kwetu ina uzito. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mvuke wa supa gluu hutua kando ya kiungo na kuacha ukungu mweupe. Kwenye plastiki ya kijivu hauonekani sana, lakini kwenye kioo cha chumba cha rubani umeharibu kazi. Gundi nzito hutoa mvuke kidogo kuliko nyepesi. Ukitumia kidogo mno, na hewa ikawa inapita polepole chumbani, ukungu hupungua sana. Ila feni isipulize mezani, kwa sababu kishikio cha milimita 2 kikiruka hutakiona tena.

Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye jeli, gusa plastiki mahali ambapo kipande kitakaa, kisha kilete kipande kwa kibano. Usipake gundi kwenye kipande chenyewe, maana itapanda kwenye kibano na vitang'ang'aniana.

Jeli haipatikani kila duka. Anza na maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi mjini. Ukikosa, mtu wa Kariakoo atakutumia kwa basi. Mwombe aiweke na mizigo ya ndani, isikae kwenye buti la chini linalopata moto njia nzima.

Namba 2: supa gluu nyeusi, iliyochanganywa na mpira

Ningeiweka ya kwanza kama ingepatikana kirahisi. Supa gluu ya kawaida ni ngumu lakini inakatika kirahisi: ukigonga kipande kwa ubavu, kinadondoka. Na kuna jambo wengi hawalifikirii. Joto likipanda, plastiki ya modeli hutanuka takriban mara tatu hadi nne kuliko shaba. Ukanda mrefu wa uzio uliobandikwa mwanzo hadi mwisho kwenye ubavu wa meli, modeli ikiwa chini ya paa la bati lisilo na dari, unavutwa kila mchana na kuachiwa kila usiku. Baada ya muda unaachia katikati au unajikunja. Gundi nyeusi yenye mpira inanyumbuka pamoja nao.

Inaganda polepole na ni ghali, na itabidi uiagize. Inunue kwa ajili ya nyuzio ndefu na bamba za matope za vifaru. Kama huna, kata uzio vipande vifupi na ubandike kwa vituo badala ya kupaka mstari mzima.

Namba 3: supa gluu nyepesi ya kijitubu

Hii iko kila mahali: kwa fundi viatu, kwa fundi simu, duka la Mangi, sokoni. Bei yake haifiki sahani ya wali. Ubora unapishana sana, ila ikiwa mbichi inafanya kazi moja vizuri kuliko zote: kuingia yenyewe kwenye kiungo ambacho tayari umekiweka sawa.

Chukua sindano ya kushonea, kata kichwa chake kwa koleo ili tundu libaki na meno mawili, uichomeke kwenye kijiti kiwe mpini. Dondosha tone la gundi juu ya kigae. Chovya meno yale, na kijitone kitakaa katikati yake. Gusa ukingo wa kipande cha shaba na utaona kijitone kinatoweka, kimenyonywa chini ya kipande chote bila kuacha alama juu. Sindano ikijaa gundi kavu, ichome kwa kiberiti ukiwa nje, upepo ukuelekee mgongoni, maana moshi wake unachoma macho.

Tahadhari moja kubwa: usiifute gundi hii kwa pamba wala kwa kipande cha kanga ya pamba. Ikikutana na pamba inachemka ghafla na inaweza kukuunguza. Tumia karatasi ngumu au mfuko wa nailoni. Vidole vikinata, viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, usivivute. Ikiingia jichoni, nenda hospitali bila kungoja.

Namba 4: gundi nyeupe ya maji

Watu wanaidharau kwa sababu haina nguvu. Kwa dashibodi ya rubani au kipande chochote bapa kisichoguswa, mimi naichagua kabla ya supa gluu. Inakupa dakika nzima za kusogeza, inakuwa angavu ikikauka, haitoi ukungu kwenye vioo, na ukikosea unafuta kwa maji. Zile za akriliki zilizotengenezwa kwa ajili ya modeli zinashika vizuri zaidi, lakini hata ya maseremala inafaa ukiipunguza kwa maji kidogo. Wakati wa masika iache usiku kucha.

Namba 5: epoksi ya tubu mbili

Ina nguvu kuliko zote zilizotajwa, na kwa kipande kikubwa kinachobeba uzito ni sawa kabisa. Kwa vipande vidogo ni tabu: kuchanganya, kupima, na bado inaacha uvimbe unaofuta ule wembamba ulioulipia.

Risasi ya kulehemu sijaipa namba kwa sababu inaunganisha shaba na shaba tu. Kwa boksi lililokunjwa au mlingoti wenye vipande vingi hakuna kinachoishinda, na fundi redio yeyote wa mjini atakuonyesha. Lehemu kila kitu mbali na plastiki, halafu ndipo ubandike. Gundi ya plastiki, ile ya kuunganishia vipande vya plastiki vya modeli yenyewe, iache kabisa hapa: inashika kwa kuyeyusha plastiki, na shaba haiyeyuki. Dawa ya kuharakisha supa gluu nayo usitumie hela yako. Hewa yetu inafanya kazi hiyo bure, na dawa hiyo hufanya kiungo kikatike upesi zaidi.

Gundi yoyote utakayochukua, haitashika shaba yenye mafuta ya vidole. Kabla ya kukata, piga mgongo wa fremu msasa laini, uioshe kwa sabuni, ikaushe, na kuanzia hapo ishike kwa kibano. Na kama kipande kimekaa vibaya, usikimbilie asetoni kwenye modeli, inayeyusha plastiki. Weka modeli kwenye friza kwa saa moja. Baridi huifanya supa gluu iwe rahisi kuvunjika, na ncha ya kisu itakibandua kipande.

Nunua chupa ndogo mbili badala ya kubwa moja. Ile ambayo haijafunguliwa iweke kwenye friji, na siku ya kuifungua itoe mapema ifikie joto la chumba kwanza, la sivyo umande utaingia ndani na kuigandisha. Iliyofunguliwa usiirudishe kwenye friji. Iweke wima ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uandike tarehe ya kufungua kwa kalamu ya maka.