Kadi ya uanachama wa klabu ya soka: unanunua nini hasa?

Klabu ya soka humuuzia shabiki vitu vitatu: tiketi, jezi na uanachama. Tiketi na jezi mtu huzijua ubora wake siku hiyohiyo. Uanachama ndio mgumu kuupima, maana kilicho cha thamani ndani yake hakishikiki: kura moja kwenye mkutano mkuu, na haki ya kusimama mbele ya viongozi na kuuliza fedha zimekwenda wapi. Punguzo la dukani na kipaumbele cha tiketi za mechi ya watani ni nyongeza. Anayezitaka hizo tu anunue tiketi ya msimu, itamfaa zaidi.

Kwa hiyo tathmini hii inaitazama kadi kwa macho ya shabiki anayependa kubishana siasa za klabu yake na anataka ubishi wake ufike mahali. Kwa mtu huyo, kadi yenye kura ni ununuzi bora kuliko vyote ambavyo klabu inauza. Kadi isiyo na kura, hata ingekuwa na picha nzuri kiasi gani, tunampa ushauri aiache.

Tatizo la kwanza ni kwamba kadi hizo mbili hufanana. Klabu nyingi zina mwanachama kamili, na pembeni yake kuna "mwanachama mshiriki", "rafiki wa klabu" au "shabiki aliyesajiliwa kidijitali". Fomu haitakwambia wazi kwamba hupigi kura. Itakaa kimya tu. Kabla ya kulipa, muulize anayesajili swali moja: hii kadi inanipa kura kwa kifungu kipi cha katiba? Akikosa namba ya kifungu, subiri. Omba katiba yenyewe, uisome sehemu ya uanachama, ya uchaguzi na ya mkutano mkuu. Kwa kawaida ni kurasa chache.

Ukiisoma, anza na muda wa kungoja. Katiba nyingi hazimpi kura mwanachama mpya hapohapo, na zina sababu njema: kumzuia mgombea asinunue kadi elfu moja wiki moja kabla ya uchaguzi. Barcelona inataka mtu awe amekaa mwaka mmoja kwenye uanachama. Muda wa namna hiyo ni wa haki. Ukikuta miaka mingi, jua kwamba mlango umefungwa makusudi.

Kisha tazama nani anaruhusiwa kugombea, kwa sababu kura isiyo na wagombea wawili ni pambo. Real Madrid inamilikiwa na wanachama, lakini anayetaka urais lazima awe Mhispania, awe mwanachama kwa miaka 20, na alete dhamana ya benki ya asilimia 15 ya bajeti ya klabu inayotokana na mali yake mwenyewe. Florentino Pérez amepita bila kupingwa mwaka 2009, 2013, 2017, 2021 na 2025. Barcelona nako mwaka 2021 Joan Laporta alishinda uchaguzi kisha ikambidi atafute dhamana ya zaidi ya yuro milioni 120 kabla hajakalia kiti. Masharti ya fedha huwekwa kwa hoja kwamba yanazuia matapeli. Yanazuia pia kila mtu wa kawaida.

Kifungu kinachopuuzwa kuliko vyote ni kile cha kuitisha mkutano wa dharura au kura ya kutokuwa na imani. Tafuta asilimia inayotakiwa, siku zinazotolewa kukusanya saini, na nani anazihakiki. Mwaka 2020 wanachama wa Barcelona waliotaka kumwondoa rais wao, Josep Maria Bartomeu, walihitaji asilimia 15 ya wanachama wenye kura, yaani saini 16,520. Walipeleka zaidi ya 20,000. Ziada ile ndiyo iliyowaokoa, kwa sababu kwenye uhakiki saini huanguka: jina halilingani na daftari, mtu kasaini mara mbili, ada ya mwaka haijalipwa. Bartomeu na bodi yake walijiuzulu tarehe 27 Oktoba 2020, kura yenyewe haijapigwa. Anayepanga jambo kama hilo asikusanye idadi kamili. Aongeze angalau robo juu yake.

La mwisho, na hapa ndipo wengi huumia: kura yako inahusu chombo gani? Klabu za kisasa hugawanywa mara mbili. Kuna chama cha wanachama, na kuna kampuni inayoendesha timu ya wakubwa. Ujerumani iliruhusu mgawanyo huo mwaka 1998 kwa sharti kwamba chama kibaki na asilimia 50 ya kura pamoja na kura moja ndani ya kampuni. Tanzania nayo ilichukua mgawanyo wa 51 kwa wanachama na 49 kwa wawekezaji. Asilimia hizo zinatuliza moyo, lakini hazikwambii mikataba inasainiwa na nani. Novemba 2021 mwanachama mmoja wa Bayern Munich alileta hoja mkutano mkuu uukatae udhamini wa Qatar Airways kwa sababu ya haki za binadamu. Chama kinashikilia asilimia 75 ya kampuni. Hata hivyo uongozi ulikataa hoja ile ipigiwe kura, ukisema mkutano wa chama hauna mamlaka juu ya mkataba wa kampuni. Mkutano uliisha kwa kelele za kuzomea. Udhamini wenyewe ulifikia kikomo mwaka 2023. Basi katika katiba ya klabu yako tafuta sentensi inayosema ni maamuzi yapi ya kampuni yanayohitaji idhini ya wanachama: kuuza uwanja, kubadili nembo na rangi, kukopa kupita kiwango fulani, kumwingiza mwekezaji mpya. Isipokuwapo, una asilimia nyingi zisizo na meno.

Kadi ikishafaulu mtihani huo, thamani yake inategemea unavyoitumia, na mahali pa kuanzia ni karatasi ya mapato na matumizi. Usibabaishwe na urefu wake. Chukua mstari wa mapato ya mlangoni na ufanye hesabu ndogo. Tuseme timu ilicheza mechi 15 nyumbani na wastani wa watazamaji uliotangazwa ni 4,000. Hizo ni tiketi 60,000. Gawa mapato yaliyoandikwa kwa 60,000. Jibu likiwa chini ya nusu ya bei ya tiketi rahisi kuliko zote, kuna mambo manne ya kuuliza: tiketi za bure zilikuwa ngapi na zilikwenda kwa nani, makato ya ligi na ya uwanja ni kiasi gani, watoto na wenye tiketi za msimu wamehesabiwaje, na vishina vya tiketi viko wapi. Mara nyingi majibu ya haki yapo. Lakini yanapaswa kuwa kwenye maandishi.

Mstari wa pili ni mkopo wa mwenyekiti au mfadhili. Huu ndio moyo wa siasa za klabu ndogo, nasi tunausisitiza kuliko kitu kingine chochote katika tathmini hii. Mwenyekiti hulipa mishahara ya miezi mitatu kutoka mfukoni, mashabiki wanampigia makofi, na kwenye vitabu fedha ile inaandikwa kama deni. Miaka ikipita deni linakua hadi hakuna mgombea mwingine anayethubutu, kwa kuwa siku mwenyekiti akishindwa atadai chake. Uliza: ni msaada au mkopo? Mkataba wa maandishi upo? Riba ni ngapi, unalipwa lini, na rehani ni nini? Rehani ikiwa uwanja au jengo la klabu, basi uchaguzi wenu umeshaamuliwa kabla ya kampeni.

Sasa upande wa mabishano. Kadi inakuja na tawi, na tawi ndilo linalofanya kura moja iwe na uzito. Hapo ndipo hoja hupikwa kabla ya kupelekwa mkutano mkuu, na hapo pia ndipo huharibikia. Huharibika kwanza kwa wakati mbaya. Timu imefungwa nyumbani, watu wana hasira, mtu anasimama na hoja ya kumfukuza kocha, mikono inapanda. Wiki inayofuata timu inashinda na hoja inakufa, pamoja na hoja ya maana iliyofungwa mgongoni mwake. Msipige kura usiku wa kipigo. Sikilizeni, andikeni, mkae tena baada ya siku kadhaa.

Huharibika pili kwa hoja isiyo na umbo. "Tunataka uwazi" si hoja, maana hakuna kiongozi atakayeipinga wala atakayeitekeleza. Hoja nzuri hukaa kwenye sentensi moja yenye mtendaji, kitendo na tarehe: kamati ya utendaji iwape wanachama nakala ya mkataba wa mkopo siku 14 kabla ya mkutano mkuu. Ipelekeni kwa barua kabla ya siku ya mwisho iliyotajwa kwenye katiba, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Hoja inayosubiri kipengele cha "mengineyo" huzungumzwa watu wakiwa wameshasimama, na akidi imeshavunjika.

Tatu ni siasa za vyama. Mwanasiasa anakuja tawini na jezi kwa sababu tawi ni umati uliokusanyika tayari, na klabu ni ngazi nzuri. Mauricio Macri aliiongoza Boca Juniors kuanzia 1995, akawa meya wa Buenos Aires mwaka 2007, kisha rais wa Argentina mwaka 2015. Desemba 2023 alirudi kwenye uchaguzi wa klabu kama mgombea wa makamu wa rais, lakini wanachama wakauchagua upande wa pili na kumpa urais Juan Román Riquelme, nyota wa zamani wa timu. Kuzipiga marufuku siasa za nchi tawini hakusaidii. Watu ni walewale na bei za maisha ni zilezile. Kinachofaa ni kuzitenganisha. Ajenda ya klabu ianze, kila msemaji apewe dakika tatu na mtu asiye mgombea ashike saa, uamuzi uandikwe, kikao kifungwe rasmi. Baada ya hapo anayetaka kubishana kuhusu uchaguzi wa nchi abishane hadi usiku. Zawadi yoyote ya mwanasiasa iandikwe kwenye kitabu cha tawi kwa jina na idadi. Na mtu akipendekeza serikali iombwe kuivunja kamati, akumbushwe kwamba Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya na Zimbabwe kwa serikali kuingilia vyama vya soka. Maliza kwanza ngazi za rufaa zilizomo kwenye katiba.

Kuna jambo moja la kura ambalo mashabiki wengi hulikosea. Kura ya siri humlinda mwanachama, lakini kwa mjumbe aliyetumwa na tawi ni mlango wa kutoroka. Desemba 2023 klabu 36 za ligi mbili za juu za Ujerumani zilipigia kura mpango wa kumuuzia mwekezaji sehemu ya mapato ya haki za matangazo, ukapita kwa kura 24, ambazo ni theluthi mbili kamili. Chama cha wanachama cha Hannover 96 kilikuwa kimemwagiza mwakilishi wake apinge, na kwa kuwa kura ilikuwa ya siri hakuna aliyeweza kuthibitisha alichofanya. Mashabiki wakarusha mipira ya tenisi viwanjani wiki kwa wiki, na tarehe 21 Februari 2024 ligi ikaufuta mpango. Mjumbe wenu apige kura hadharani, au arudi na maelezo ya maandishi.

Upungufu wa bidhaa hii usifichwe. Kura ya wanachama haizuii kila uamuzi mbaya: Aprili 2021 Real Madrid na Barcelona, zote za wanachama, zilikuwa mstari wa mbele kwenye Super League, mpango wa klabu tajiri za Ulaya kuanzisha ligi yao wenyewe, na marais ndio waliozipeleka. Tena kuna klabu ambazo mkutano wao mkuu ni wa wajumbe tu, hivyo mwanachama wa kawaida huona matokeo bila kupiga kura ya bajeti. Lakini pale klabu inapochukuliwa, hakuna kingine kinachobaki. Mwaka 2002 Wimbledon, klabu ya London, iliporuhusiwa kuhamia mji mwingine wa Milton Keynes, mashabiki waliunda AFC Wimbledon, kila mwanachama kura moja bila kujali amechangia kiasi gani. Mwaka 2011 walikuwa wamepanda hadi ligi ya kulipwa, na Novemba 2020 wakacheza tena Plough Lane, mtaa wa nyumbani kwao wa zamani.

Ukiamua kununua, lipa ada kwa njia inayoacha risiti yenye namba ya uanachama, kamwe usimpe mtu fedha mkononi akakulipie. Wiki moja baadaye omba kuona jina lako kwenye daftari. Linganisha herufi za jina na kitambulisho, maana kosa la herufi moja ndilo linalokurudisha mlangoni siku ya uchaguzi. Ada ya mwaka unaofuata ilipe kabla ya msimu kuanza, wakati uchaguzi ungali mbali na hakuna anayehesabu wewe ni wa upande gani.