Ofisi ya kaunti iliyonirudishia Iraq kwenye DD 214

Nyota nne kati ya tano. Hii ni ofisi ya kaunti inayohudumia maveterani hapa Texas, na huduma yake ni bure. Sheria ya jimbo inaitaka kila kaunti yenye watu 200,000 au zaidi iwe na ofisi kama hii. Wakenya na Wakongo tuliovaa magwanda ya Marekani tumejaa Dallas na Houston, na bado wengi wetu hatujui kama ipo.

Nilijiunga na jeshi la nchi kavu kabla sijapata uraia, nikapelekwa Iraq mwaka 2005. Nilipoachiliwa, karani aliyechapa DD 214 yangu, cheti cha kuachiliwa jeshini, aliweka sufuri kwenye kisanduku cha 12f, cha utumishi wa ng'ambo, na kwenye maelezo ya kisanduku cha 18 hakuitaja Iraq kabisa. Kwa miaka mingi hilo halikunizuia chochote. Mkopo wa nyumba nilipata, chuo nilisoma. Kisha ikaja pumu. Sheria ya PACT ya Agosti 2022, ya matibabu na fidia za maveterani, inawalinda waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kule Iraq: pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi huhesabiwa kuwa imetokana na moshi ule, bila wewe kutafuta daktari wa kuthibitisha. Ila kwanza lazima ionekane kwamba ulifika huko. Kwa karatasi yangu, sikuwahi kutoka Marekani.

Kuna kampuni ya mtandaoni iliyonitaka mamia ya dola "kufuatilia faili". Nilikataa. Wenzangu, tafadhali msilipe. Kuomba nakala ya faili lako kwenye kituo cha kumbukumbu za wanajeshi cha St. Louis hakuna ada, na fomu DD 149 ya kuomba bodi ya jeshi isahihishe rekodi haina ada pia.

Afisa aliyenipokea ni mzee aliyepigana Vietnam. Hakunikabidhi fomu. Aliniuliza kwanza nina karatasi gani za wakati ule. Nikamtolea picha za Baghdad. Akazitazama moja moja kwa heshima, akanirudishia, akasema picha haina saini ya mtu. Alitaka amri ya safari, ripoti ya utendaji kazi, au hati za mshahara.

Hati za mshahara ndizo zilizoniokoa. Wakati ule mwanajeshi akiwa eneo la vita alilipwa posho ya hatari, dola 225 kwa mwezi, na mshahara wa askari wa kawaida haukukatwa kodi ya mapato ya serikali kuu. Mama watoto alikuwa amezihifadhi zote pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Tukazipanga mezani, mwezi baada ya mwezi, na 225 iko pale. Mzee akapiga meza kwa furaha kana kwamba kesi ni yake.

Kisha akanieleza jambo ambalo ningependa kila veterani alijue. Usikimbilie bodi. Kosa la wazi lenye ushahidi hupelekwa kwanza kwenye kamandi ya jeshi inayoshughulikia watumishi, Fort Knox, Kentucky. Bodi iliyoko Arlington, Virginia, ni ya wale waliokwama huko, na mtu akiiruka hatua hiyo hurudishwa. Bodi pia ina kikomo cha miaka mitatu tangu ugundue kosa, ingawa inaweza kukilegeza kwa ajili ya haki, kwa hiyo waliochelewa wasikate tamaa. Barua ya maelezo tuliiandika naye, aya fupi tatu, kila dai likiwa na karatasi yake nyuma.

Benchini nilikaa na binti wa mzee marehemu aliyepigana Korea. Faili la baba yake lilikuwa miongoni mwa yaliyoungua St. Louis Julai 1973, moto ulioteketeza takriban asilimia 80 ya mafaili ya wanajeshi wa nchi kavu walioachiliwa kati ya 1912 na 1960. Afisa alikuwa akimsaidia kutafuta hati ya malipo ya mwisho ya baba yake. Tena mshahara!

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya saa za kazi. Wasio na miadi hupokelewa asubuhi tu, na simu haishikiki. Wengi wetu tunafanya kazi za kulipwa kwa saa kwenye nyumba za wazee, na asubuhi moja ikipotea ni pesa ya chakula. Jioni moja tu kwa wiki ingetosha.

Ukienda, beba kitambulisho, ile nakala ndefu ya DD 214 (Member 4), na hati zozote zenye tarehe. Marekebisho yakikubaliwa utaletewa DD 215. Hiyo haifuti ile ya kwanza, ni karatasi ya pili inayoambatanishwa. Benki na hospitali huomba DD 214 peke yake, kwa hiyo bana zote mbili pamoja kabla hujazitoa, la sivyo atakayesoma ataona ile sufuri tu.