Ada ya maji ya mvua Minneapolis, Marekani, nyota 4
Mara ya kwanza kuiona kwenye bili nikasema hee, sasa wanatutoza mpaka mvua ya Mungu 😂 kumbe tangu 2005 jiji limeitenganisha na ada ya maji taka, wanaangalia paa, lami na zege yako, kipimo kimoja cha kutoza ni futi za mraba 1,530, kwa hiyo mwenye paking kubwa analipa zaidi hata kama hafungui bomba, mi naona ni haki tu. Na ukichimba bustani ya kunyonya mvua unaweza kuomba punguzo, mpaka 50% kwa kusafisha maji hayo ya mvua. Yangu iko chini ya bomba la paa, mvua ikipiga inajaa kama karai, kesho yake kavu. Nyota moja nimemkata fundi, shimo la kwanza alichimba ovyo, mbu wakahamia.