Darasa la jioni la akina mama Magomeni: mazoezi safi, ila ile meza ya mlangoni iondoke

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kukaa, kuinama na kukanyaga pedali toka asubuhi, na nilipovuka miaka arobaini na tano mgongo na magoti vikaanza kunidai. Usingizi ukawa wa kubahatisha, usiku joto linanipanda ghafla, mchana hasira ziko karibu. Daktari akaniambia naelekea kukoma hedhi, akanisisitizia mazoezi.

Nilianzia jimu moja kubwa mjini. Wakanipandisha kwenye mizani, wakasoma kilo zangu kwa sauti, wakanitajia nitapungua ngapi kwa mwezi. Hakuna aliyeniuliza nalalaje. Sikurudi.

Darasa hili la Magomeni, Dar es Salaam, nimelizoea na ninalipenda, kwa hiyo naliandikia akina mama wenzangu wanaotafuta pa kwenda. Ni ukumbi mdogo, ukishuka basi la Mwendokasi pale Magomeni Mapipa unatembea tu. Jumatatu na Jumatano jioni, Jumamosi asubuhi. Unalipa 3,000 kila unapokuja, hakuna kiingilio wala mkataba. Wanawake watupu, mapazia yameshushwa, uvae trakisuti, uvae dera na hijabu, shauri yako.

Mwalimu amesomea fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na inaonekana tangu siku ya kwanza. Anakuweka pembeni kwenye benchi, anakuuliza polepole: umezaa mara ngapi, kwa kawaida au kwa kisu, presha ikoje, hedhi inatoka nyingi kiasi gani, usiku unalala? Halafu anauliza lile ambalo wengi wetu tunalificha hata kwa waume zetu: ukikohoa au ukicheka, mkojo unatoka? Tulio wengi tunajibu ndiyo. Anakwambia kuwa misuli ya chini ya nyonga hulegea kwa uzazi na kwa umri, na kwamba inafundishika. Unalala chali kwenye mkeka, magoti umeyakunja, unaikaza misuli hiyo kama mtu anayezuia mkojo, unahesabu mpaka tano, unalegeza taratibu, na pumzi unaiacha itembee. Anapita mkeka kwa mkeka akiangalia nani anabana makalio au tumbo badala ya misuli yenyewe. Ataka kila mmoja apate, na hana haraka. Kwangu mimi zoezi hilo peke yake linatosha kuifanya elfu tatu iwe halali.

Baada ya hapo ni jasho. Tunachuchumaa na kuinuka, tunasukuma ukuta, tunabeba madumu ya lita tano ya maji. Ukiwa mgeni unaanza na dumu nusu. Ukikoma hedhi, homoni inayolinda mifupa hushuka na mifupa hupungua uimara haraka, kwa hiyo kubeba uzito si mambo ya wanaume wa vifua. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na angalau siku mbili za wiki awe anaitumikisha misuli. Siku tatu za darasa letu zinaifikisha hesabu hiyo bila mtu kujiua.

Jumamosi kuna lishe, na hapa ndipo mwalimu ananifurahisha zaidi, maana haji na vyakula vya kwenye matangazo. Anakuja na mahotipoti: ugali wa dona, dagaa, matembele, maharage. Anatuambia mwanamke anayeona siku zake anahitaji miligramu 18 za madini ya chuma kwa siku, wakati mwanamume zinamtosha 8. Sasa angalia nyumbani kwetu nani anapewa nyama kubwa na nani anakwangua sufuria. Pale ukumbini palinyamaza aliposema hivyo. Akaendelea: chai ya rangi mnayoshushia maharage inazuia ile chuma isiingie mwilini, iacheni mpaka saa moja ipite, badala yake kula chungwa au kamulia limao kwenye mboga. Siku hiyo alikata machungwa ya Muheza, akagawa vipande. Kwangu chai imehama kutoka mezani, tunainywa baadaye, na wanangu wa kike wananifuata.

Na kichwa je? Tukishajinyoosha tunakaa duara kidogo, anayetaka kusema anasema, asiyetaka anakunywa maji yake. Mwenzetu mmoja aliyejifungua karibuni alikuwa anakuja, anafanya mazoezi vizuri, lakini machozi hayamkauki na hataki hata kumshika mtoto wake. Mwalimu hakumwambia ajikaze wala amwombe Mungu tu. Alimwambia, "Mama, mazoezi yanasaidia, lakini hili lako linahitaji daktari pia," akampeleka mwenyewe hospitali. Sasa anatibiwa na bado yuko nasi. Mtu anayejua mpaka wa kazi yake namwamini.

Kwa sababu hiyo hiyo linaniudhi jambo la ile meza. Jumamosi wanamruhusu mama mmoja auze mlangoni chai ya kupunguza tumbo. Chai nyingi za aina ile zina sena, majani ya kulainisha choo, inakuharisha. Kinachopungua ni maji, mafuta yamebaki palepale. Mwanamke mwenye damu pungufu na presha ya kushuka akinywa hiyo baada ya kutoka jasho, tunamtafutia nini? Nimemwambia mwalimu, akasema meza si yake, ni ya mwenye ukumbi. Basi darasa zima tumwendee mwenye ukumbi. Haiwezekani ndani tufundishwe kula, nje tuuziwe kuendesha.

Kingine, hakuna wa kushika watoto. Wenye wachanga wanafanya zoezi huku jicho liko kwenye kanga pembeni, na wengine wameacha kuja kwa sababu hiyo. Binti mmoja wa kulipwa kwa saa hiyo moja angetosha, na mimi niko tayari kuongeza mia tano yangu.

Jumatano ni siku nzuri kwa mgeni, watu ni wachache na mwalimu ana nafasi ya kukaa nawe benchini. Njoo na mkeka wako, chupa ya maji na raba zisizoteleza, maana sakafu ni ya vigae. Kama una mimba au umejifungua kwa kisu, mwambie kabla hujapasha mwili moto. Ana mazoezi yenu tofauti.