Daftari la Shukrani: Miezi Sita ya Kuziandika Fadhili za Mungu

Daftari hili nililinunua mwezi Januari kwa shilingi 15,000, katika duka la vitabu vya Kikristo la katikati ya jiji, nikiwa natoka kazini Kivukoni. Ni la miezi sita. Kila siku ina ukurasa wake wenye andiko fupi juu, mistari mitano ya kuandikia na swali moja lililochapwa: "Ni jambo gani kubwa Mungu amekutendea leo?"

Swali hilo ndilo kasoro kubwa ya daftari. Kwa sababu ya neno "kubwa", mwezi wa kwanza niliacha kurasa kumi na moja tupu, kwani nilifika nyumbani Kimara usiku nikiwa nimechoka, nikaipitia siku yangu yote na kuona haina lolote la kustahili kuandikwa. Mwezi Februari nililikata neno hilo kwa peni, na kurasa zikaanza kujaa: maji yaliyotoka bombani alfajiri ya siku ya nne, ndoo ya mwisho ikiwa imebaki nusu, abiria nisiyemfahamu aliyenipisha kiti kwenye mwendokasi siku ambayo mgongo uliniuma, homa ya mwanangu iliyoshuka usiku tukiwa bado tunamwombea. Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mstari unarudia kwamba fadhili za Mungu ni za milele. Humo kupasuliwa kwa Bahari ya Shamu kumetajwa pamoja na chakula anachowapa wote wenye mwili, na chakula ni jambo la kila siku.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ukurasa wa mwisho wa kila mwezi, unaomwagiza mtu asome upya kurasa zote zilizotangulia, kisha achague jambo moja na kulisimulia kwa watu wa nyumbani. Mwezi Machi niliandika, kwa mkono uliotetemeka, kwamba mama anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mwishoni mwa Mei niliisoma tena siku ile, naye mama alikuwa ameketi sebuleni akichambua mchele mwenyewe, na nilisikitika kugundua kwamba ile hofu ya Machi, pamoja na jibu nililopewa, vyote vilikuwa vimenitoka akilini kwa muda wa miezi miwili tu. Nilimsomea ukurasa ule kwa sauti. Mwanangu akauliza mbona bibi analia, nasi tukamweleza. Ndivyo mawe kumi na mawili ya Gilgali yalivyokusudiwa kufanya kazi, kwa mujibu wa kitabu cha Yoshua: yalitolewa katikati ya Yordani ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kusimulia.

Kuhusu utengenezaji, karatasi ni nyepesi na wino wa kalamu nzito hupenya upande wa pili, kwa hiyo tumieni peni ya kawaida. Gundi ya mgongo haikustahimili unyevu wa masika; kufikia Aprili kurasa za Januari zilikuwa zimeachia, nikazifunga kwa uzi. Hakuna pia nafasi ya kuandika maombi ambayo bado hayajajibiwa, nami nilikuwa nikiyaandika pembeni kwa penseli, jambo ambalo naona wachapaji wangelifikiria, kwa kuwa mtu hawezi kulitambua jibu la ombi ambalo amesahau kwamba aliliomba.

Pamoja na hayo yote, ninalipendekeza kwa dhati, hasa kwa familia zinazosali pamoja jioni na kwa jumuiya za nyumba kwa nyumba. Mimi nimeshanunua la pili, lenye waya ubavuni badala ya gundi, kwa shilingi 18,000, na kabla ya kuanza kuliandika nimelikata neno "kubwa" katika kurasa zote.