Mapanki ya Kirumba: nyota 4, moja nimeikata kwa ajili ya benchi

Jamani wiki iliyopita nimekula sangara mara mbili hapa Mwanza. Ijumaa ofisini tulikuwa na wageni tukapelekwa hoteli moja ya kando ya ziwa, jina naliacha. Jumamosi nikaenda kwa mama ntilie mmoja karibu na soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na rivyuu yangu ni ya huyu mama, ile hoteli naitaja kwa kulinganisha tu.

Hotelini mnofu saizi ya kiganja, chipsi na kipande cha limao, elfu 32, halafu mkavu. Nikamuuliza dogo anayehudumu mbona kadogo hivi, akanijibu "bosi, minofu mikubwa ni ya eksipoti". Na ziwa naliona dirishani pale!

Kwa mama sahani ya mapanki ni 3,000, kichwa au mgongo chaguo lako, ugali wa muhogo, mchicha, pilipili ya kutwanga na ndimu. Kwa wasiojua, mapanki ndo yale mabaki ya sangara yanayobaki kiwandani mnofu ukishatolewa, kichwa na mfupa mpaka mkia. Anayakaanga hadi mapezi unayatafuna kabisa. Chukua kichwa, nyama ya shavuni imejificha chini ya mfupa, ingiza kidole gumba uitoe, usione aibu, pale kila mtu anafyonza na mafuta yanafika kwenye kiwiko.

Pembeni yangu alikaa kijana wa kiwandani, gambuti bado ziko mguuni, akageuza kichwa cha samaki kwenye sahani yake akasema "huyu mbona kama nimemkata mimi jana", benchi zima tukacheka. Shifti nzima anakata minofu ya kwenda Ulaya, akitoka anakuja kununua kichwa.

Na bondo ndo usiseme, lile fuko la hewa la tumboni, linakaushwa linaenda Uchina huko linapikwa supu, kilo yake inaiacha mbali kabisa kilo ya mnofu, ila kibarua aliyekesha majini hiyo hela anaisikia tu, maana mtumbwi na nyavu ni za tajiri, tajiri naye kakopeshwa na ajenti anayenunua samaki, kwa hiyo bei ishapangwa samaki bado yuko majini.

Kuna mzee hapo akatukumbusha sangara mwenyewe si wa hapa, aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akawafyeka furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na furu ndo alikuwa mboga ya kila nyumba. Akasema 1999 Ulaya walipozuia samaki wetu kisa uvuvi wa sumu, bei ya mwaloni ikaporomoka, basi mwaka ule ndo alikula mnofu mpaka akaukinai. "Hela ya chumvi ndo haikuwepo."

Malalamiko sasa. Benchi linacheza, mnene akiinuka upande mmoja, wa upande wa pili mnaenda chini, mimi nimemwagikiwa mchuzi kwenye suruali. Ndoo ya kunawa ni moja. Halafu mwaka juzi nilikula hapo kwa 2,000, nilipomuuliza mama akasema "baba, hata mifupa siku hizi tunagombania na watu wa chakula cha kuku."

Wahi kabla ya saa saba mchana, vichwa vinaisha inabaki migongo. Na beba chenji.